Jiko Halina Kosa, Tazama Dumu

Miezi ya Juni na Julai katika nchi ya Ankole ni miezi ya ukavu na ya baridi ya usiku. Mji wa Mbarara umekaa mahali pa juu, mita zipatazo 1,400 kutoka usawa wa bahari, na askari wa zamu ya alfajiri hajui anasa kubwa kuliko kikombe cha chai ya moto kabla ya kutoka. Ndipo majiko ya mafuta ya taa yanapotolewa chini ya vitanda, yakapanguswa vumbi, yakawashwa. Na ndipo barua za malalamiko zinapoanza kufika katika ukurasa huu. Jiko langu latoa moshi. Jiko langu lazimika. Jiko langu lapiga cheche kama mhunzi.

Juma hili naacha barua hizo kando kwanza, niitangulize moja iliyonitia hofu. Imeandikwa na mke wa sajini aishiye Mbarara. Bibi huyu alilelewa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na shangazi yake, mzaliwa wa Kivu ya Kusini, angali anaishi huko na kuuza mandazi. Shangazi alikuja mjini kwa ajili ya hospitali, akachukua na jiko lake la tambi kumi ili mpwa wake amtazamie kwa nini halina nguvu. Njiani alipita kituo cha mafuta, akanyoosha dumu la lita mbili, akamwambia kijana: "Mwanangu, nipatie petroli ya jiko."

Kijana akampa petroli.

Jioni walikuwa wamekwisha kuondoa kizibo cha tangi, kiberiti kipo juu ya meza, sajini aliporudi kazini. Hakuvuka kizingiti. "Shangazi," akasema, "harufu hii si ya mafuta ya taa. Haya ni ya pikipiki." Yule mama akamjibu kwa utulivu: "Mkwe wangu, mimi nimesema petroli, naye amenipa petroli. Kosa langu ni lipi?"

Mke wa sajini ananiuliza swali lile lile: kosa ni la nani? Nami nimelifikiri kwa siku kadhaa, kwa maana jibu si jepesi kama lionekanavyo.

Kwa Kiswahili cha Kongo, petroli ni mafuta ya taa. Jina hilo limetoka katika Kifaransa, na Mfaransa aitapo mafuta ya kandili hutumia neno hilo. Mafuta ya gari na pikipiki Mkongo huyaita esansi, na ya lori huyaita mazutu. Mnyarwanda naye ana lisansi kwa pikipiki, mazutu kwa lori, na peteroli kwa taa. Lakini kwa Mganda, Mkenya na Mtanzania, petroli ni ile ya pikipiki, na ya taa ni mafuta ya taa au parafini. Msomali wa Nakivale akitaka mafuta ya taa hutaja gaas, na muuza duka wa Mbarara humwonyesha mtungi wa gesi. Mwethiopia akisema nafta anakusudia dizeli, na akisema lamba ndiyo ya taa.

Basi hebu fikiri, ndugu msomaji. Nakivale ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na leo imekusanya Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea, pamoja na wenyeji wa Isingiro wanaopakana nao. Lugha inayowaunganisha wengi wao sokoni ni Kiswahili, lakini ni Kiswahili chenye mikondo mingi, na neno hilo moja lina maana mbili ambazo mmoja wao waweza kuunguza nyumba. Shangazi hakukosea lugha. Kama ni asili ya neno, yeye ana haki zaidi kuliko sisi, kwa maana ni Waingereza waliolifanya neno petroli kuwa jina la mafuta ya magari, nalo lilianza kama jina la kibiashara la kampuni moja ya London mwishoni mwa karne ya 19. Kijana wa kituo naye alitoa alichosikia. Hata hivyo, ninamlaumu kwa jambo moja: mama mwenye kitenge, dumu la lita mbili na neno "jiko" alistahili kuulizwa swali la pili.

Sasa niwaeleze kwa nini sajini alisimama mlangoni. Kila mafuta yana kiwango cha joto ambacho yakikifikia hutoa mvuke wa kutosha kushika moto. Mafuta ya taa yaliyo safi hayapaswi kufika hapo kabla ya nyuzi 38 za Selsiasi, yaani joto lipitalo la chumba cha kawaida cha Mbarara. Ndiyo maana ukiyawasha kwa utambi yanawaka pale juu tu, na tangi hubaki salama. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Katika jiko la tambi tangi liko chini ya moto na hupata joto kila dakika. Ukilijaza petroli, mvuke hujaa ndani, hutafuta njia kando ya tambi, hukutana na moto, na moto huufuata mvuke hadi ndani ya tangi. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, waweza kufikia jiko la makaa lililo upande mwingine wa chumba kabla wewe hujawasha kiberiti chako.

Wala si lazima iwe petroli tupu. Kiasi kidogo kikichanganyika na mafuta ya taa hushusha sana kiwango kile cha usalama. Nijeria imewahi kupata misiba ya namna hii, watu wengi wakaungua kwa majiko na taa zao wenyewe kwa sababu mafuta yalichanganyika kabla ya kuwafikia.

Watu husema, "Wafanyabiashara wanatuchanganyia." Hapa yafaa tuhukumu kwa haki. Mwizi huchanganya cha bei rahisi ndani ya cha bei ghali, si kinyume. Ndiyo sababu Kenya, mwezi wa Septemba 2018, ilianza kutoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili yasiwe rahisi kiasi cha kuwashawishi watu kuyatia katika dizeli; na Tanzania ilikwisha kupandisha ushuru wa mafuta hayo mwaka 2011 kwa sababu hiyo hiyo. Mahali petroli inapouzwa ghali kuliko mafuta ya taa, hakuna mjanja atakayeimimina humo kwa faida. Petroli huingia kwa uzembe: lori lililobeba petroli jana na mafuta ya taa leo, pipa lisilosuuzwa, faneli moja kwa mapipa mawili, na zaidi ya yote lile dumu lako mwenyewe lililokwenda kununulia mafuta ya pikipiki ya shemeji. Hatari huzidi siku za uhaba, kama mwanzoni mwa 2008 machafuko ya Kenya yalipoziba njia ya malori, au Januari 2022 malori yalipokwama mpakani. Siku hizo kila chombo hubeba kila kitu.

Basi nyumba iwe na dumu la mafuta ya taa peke yake, lisilokwenda kazi nyingine kamwe, lenye alama ambayo hata asiyejua kusoma ataitambua. Dukani usitaje jina tu, taja kazi. Sema, "Nataka mafuta ya kutia katika taa na jiko, si ya pikipiki," hata kama muuzaji atacheka. Kisha, kabla ya kuyatia katika tangi, chukua kipande cha karatasi, nenda nje mbali na moto wote, dondosha tone moja. Petroli hukauka upesi na kuacha karatasi karibu kama ilivyokuwa. Mafuta ya taa huacha doa la mafuta linalodumu kwa muda mrefu. Lakini sikufichi udhaifu wa jaribio hili: litakuonyesha petroli tupu, halitakuonyesha mchanganyiko mdogo. Kwa mchanganyiko mdogo mlinzi wako ni pua, na dumu lisilochangiwa. Rangi usiitegemee. Na usijaribu mafuta kwa kuyawasha kiberiti. Nimesikia ushauri huo ukitolewa na watu wazima, nami nashangaa kwamba wangali na nyusi.

Ikiwa petroli imekwisha kuingia tangini, jiko litolewe nje, lisiwashwe hata "kwa kujaribu". Mimina yote, toa tambi na kuzitupa, acha tangi wazi lipigwe na upepo siku nzima, kisha suuza mara mbili kwa mafuta ya taa safi kidogo. Yale ya kusuuzia yasirudi katika jiko. Wala usimwage petroli chooni. Mtu atakayeingia usiku na sigara au koroboi hatakuwa na habari.

Sasa nirudi kwa wale wenye majiko ya moshi na cheche, ambao mafuta yao ni ya taa kweli, ila si safi.

Adui wa kwanza ni maji. Mafuta ya taa ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo maji hukaa chini, mahali hasa ambapo ncha za tambi zinanyonya. Utambi uliokwisha kunywa maji haupandishi mafuta. Moto huwa dhaifu, hupiga cheche, hulia kama chumvi motoni, kisha hufa tangi likiwa nusu. Maji hutoka katika pipa lililoachwa wazi mvuani, na hutoka pia hewani: tangi lisilojaa, likipoa usiku, hufanya umande ndani. Tia mafuta yako katika chupa ya kioo, yaache yatulie kwa saa kadhaa. Ukiona mstari umeyagawanya, au matone ya duara yanatembea chini, hayo ni maji. Mimina polepole ya juu katika chombo kikavu na uache kile cha chini. Tangi likaushwe, tambi ziloweshwe katika mafuta safi, zikamuliwe, zianikwe juani mpaka zikauke kabisa. Mke wa koplo mmoja aliyeniandikia kwamba amenunua tambi mpya mara tatu tangu Machi bila nafuu, nina shaka kubwa kwamba hakuwahi kuangalia chini ya tangi lake.

Adui wa pili ni dizeli. Huyu hana hatari ya mlipuko, lakini anaharibu jiko na macho ya mpishi. Moshi huwa mweusi, sufuria hupakwa masizi mazito, na ncha za tambi hufanya gamba gumu jeusi. Ukikata gamba leo na kesho limerudi, usilaumu tambi, badilisha duka. Mafuta ya taa yaliyokaa mwaka mzima katika dumu jeupe juani nayo huzeeka, hugeuka manjano na kufanya vivyo hivyo, japo hakuna aliyeyachanganya.

Baada ya mafuta ndipo tulitazame jiko lenyewe. Tambi zote ziwe sawa kwa kimo. Zikate kwa mkasi mkali, na usizivute, maana ukivuta uzi mmoja utapata ulimi mmoja wa moto uliopita wenzake. Ziwe ndefu za kutosha kugusa chini ya tangi. Nadhani kosa la kwanza la jiko la shangazi lilikuwa hili, kwa kuwa mpwa wake anaandika kwamba lilikuwa na nguvu lilipojazwa na kulegea mafuta yalipofika nusu: tambi zilikuwa fupi, hazikufikia mafuta yaliyobaki. Dawa yake ni tambi za bei ndogo sana, na kwa ajili ya hizo lita mbili za petroli ziliingizwa ndani ya nyumba yenye watoto. Na yale makopo mawili yenye matundu yanayozunguka moto yakae wima mahali pake. Yakiinama, hewa hupotea njia, na moto wa buluu hugeuka manjano.

Wenye majiko ya pampu, ambayo wazee huyaita praimasi kwa jina la jiko la Msweden Frans Wilhelm Lindqvist la mwaka 1892, wana sheria zao. Jiko hili haliunguzi mafuta, huunguza mvuke wake. Hivyo kichwa lazima kipate joto kwanza kwa spiriti. Asiye na subira hupampu mapema, mafuta yakatoka yangali maji, na moto wa manjano ukapanda hadi karibu na dari. Hilo likitokea usiongeze pampu. Fungua kizibo cha hewa, uache moto ushuke wenyewe. Jiko likikohoa na moto kuelemea upande mmoja, kijitundu cha mvuke kimeziba. Pitisha sindano yake, na usitumie waya wowote, kwa maana tundu likipanuka halirudi. Pampu isiposukuma, ngozi iliyo ndani imekauka. Ipake mafuta ya kupikia, ilainishe kwa vidole, ipanue. Tangi lisijae zaidi ya robo tatu. Na kila mafuta yamiminwayo katika jiko hili yapite kwanza katika kitambaa kisafi kilichotandikwa juu ya faneli, kwa sababu chembe ndogo ya kutu ambayo jiko la tambi lisingeihisi humzuia huyu kabisa.

Kwa majiko yote mawili, usiongeze mafuta jiko likiwa linawaka wala likiwa lingali moto. Askari wanaojipikia chai katika kibanda cha zamu ndio wenye dhambi hii zaidi, nami nayasema haya kwa upendo.

Kuna pia desturi ya kuingiza jiko chumbani usiku ili kupasha joto watoto. Jiko la kupikia si jiko la kupashia chumba, na hata yale yaliyotengenezwa kwa kupashia, ambayo wachache huleta kutoka ng'ambo, huhitaji dirisha lililo wazi kidogo. Moto katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu ya monoksaidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na jiko la makaa hutoa nyingi zaidi. Pasha chumba kabla ya kulala ukitaka, mlango ukiwa wazi, kisha toa jiko nje. Blanketi la pili lina gharama, lakini halina monoksaidi.

Moto ukishika jiko, usimwagie maji. Mafuta huelea juu yake na kwenda na moto. Funika kwa blanketi zito lililoloweshwa na kukamuliwa, au mwaga mchanga. Ndoo ya mchanga jikoni haigharimu kitu, na kambini imezoeleka. Nyumbani sijui kwa nini huonwa kuwa ni uchafu. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno, asali wala majivu, kisha apelekwe kituo cha afya. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, kwa kuwa mafuta yakipanda huingia katika mapafu, na hapo ndipo yanapoua. Apelekwe hospitali mara moja hata kama anacheka na kucheza. Na mafuta yasikae kamwe katika chupa ya soda.

Mke wa sajini anamaliza barua yake kwa kunipa habari za zile lita mbili. Zilitiwa katika pikipiki ya jirani, naye akalipa bei yake kamili. Kwa fedha hiyo shangazi alinunua mafuta ya taa, tambi kumi mpya na mkasi, akarudi Nakivale na basi la mchana. Dumu lake amelifunga kitambaa cha buluu shingoni. Anasema kijana wa kituo akimwuliza tena jina la mafuta, yeye hatataja jina lolote, atamwonyesha utambi.

Maswali ya karabai, ambayo ni manane hadi leo, yatajibiwa katika toleo lijalo.